Karani wa Mizani

Trela zikija na miwa, mimi nipo dirishani,
Tani zikihesabiwa, naandika kitabuni,
Mkulima hupatiwa stakabadhi mkononi,
Hivyo nikatambuliwa: karani wa mizani.

Mstari huo wa mwisho umepungua silabi moja.
Nimehesabu kwa vidole, mara tatu.
Uacheni. Kiwanda nacho kilinyamaza katikati ya zamu,
king'ora cha saa nane hakikulia,
tukabaki kutazamana, chapati nusu mkononi.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili,
goti moja bovu, binti kidato cha tatu,
na mkopo wa chama ulionijua kwa jina.

Niliandika barua Bungoma, Kakamega, Kisumu.
Kisumu, kwenye ghala la saruji, kijana mwenye kadi shingoni
alisoma cheti changu cha mwaka wa themanini na nane
kama mtu asomaye jiwe la kaburi.
"Mama," akasema, "mizani yetu siku hizi hujiandikia yenyewe."
Alisema kwa adabu, na adabu ndiyo iliyonichoma.
Kisha, kwa kuwa fomu ilimtaka aulize:
"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"
Kwenye foleni hii hii, mwanangu,
ila nitakuwa nimekuja na kiti.

Wesonga mume wangu akasema, fuga kuku.
Mchungaji akasema kuku. Shemeji, kuku.
Mwanamke akishavuka hamsini
dunia humkabidhi vifaranga, ikamwambia kwaheri.
Nilifuga. Kideri kikapita Shibale wiki moja tu.

Ni Nanzala, nesi wa zahanati, aliyeniambia
wanafundisha wahudumu wa afya wa kijiji, miezi mitatu.
Siku ya kwanza nilipoingia darasani
vijana wote wakasimama: "Habari ya asubuhi, mwalimu!"
Nikawaambia kaeni,
nikapita hadi kiti cha nyuma, karibu na dirisha.
Dirisha nimelizoea.

Sasa Jumanne na Alhamisi mizani yangu ni ya kuning'iniza,
imefungwa kwenye boriti kwa kamba ya katani,
na mzigo wenyewe hupiga kelele.
Posho yake ni ya sabuni na sukari, sitadanganya.
Sukari nayo siku hizi inatoka ng'ambo.

Lakini kuna jambo ambalo barua zangu hazikulisema.
Kule dirishani tulipewa amri:
toa kiasi, sema ni matope na majani.
Hata kiangazi, miwa ikiwa mikavu kama kuni,
nilitoa matope.
Niliyaandika kwa mwandiko mzuri.

Wiki jana alikuja Makokha wa Ekero,
yule aliyewahi kutema mate kwenye kioo changu
kwa ajili ya kilo mia mbili.
Amembeba mjukuu, mama mtu yuko Nairobi kazini.
Nikamtia mtoto kwenye mfuko,
mshale ukayumba, ukatafakari, ukatulia.
"Sita na robo," nikasema.
Makokha akainama, akausoma mshale mwenyewe,
jicho moja amelifumba, kama zamani.
Nikaandika sita na robo.
Akaichukua kadi, akaikunja, akafika mlangoni,
akageuka:
"Na matope, karani? Umeshatoa?"

Mpaka sasa sijajua kama alikuwa anatania.